Nimetoka likizo ya uzazi, nyongeza ya mshahara imenipita: je, sheria inanilinda?

Mhasibu wa Tabata:
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni mhasibu katika kampuni binafsi hapa Dar es Salaam. Nilipokuwa likizo ya uzazi, wenzangu walifanyiwa tathmini ya utendaji na kuongezwa mshahara. Niliporudi nikaambiwa kwamba sikutimiza kipindi cha kutathminiwa, hivyo nisubiri mwakani. Kaka tuliyeajiriwa naye siku moja, kwa mshahara uleule, sasa ananizidi, na wateja wakubwa niliokuwa nikiwahudumia amekabidhiwa yeye. Sikufukuzwa, wala hakuna aliyenitolea lugha mbaya, ndiyo maana nashindwa hata kueleza ninalalamikia nini hasa. Je, ulinzi wa sheria unaishia kwenye zile siku 84 za likizo?

Afisa Utumishi Mstaafu:
Dada, hongera kwa kujifungua salama. Ulinzi hauishii hapo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 84 zenye malipo, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, pamoja na haki ya kurejea kazini kwa masharti yaleyale. Sheria hiyohiyo inakataza ubaguzi kazini, na ujauzito na majukumu ya kifamilia vimetajwa waziwazi miongoni mwa misingi iliyokatazwa. Ukishaonyesha dalili za kutosha, mwajiri ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Anza kwa barua ya kistaarabu ukiomba vigezo vya nyongeza kwa maandishi. Tunza hati za mshahara, barua ya likizo na barua pepe za kukabidhi wateja, kwa sababu wengi hufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi mikono mitupu. Usichelewe pia: mgogoro usiohusu kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 60.

Mwenye Duka la Jumla, Mwanza:
Naomba niseme la upande usiopendwa. Nina wafanyakazi wachache, na mmoja akienda likizo ya uzazi nalipa mshahara wake na wa anayemshikia nafasi. Wakija kuomba kazi wawili wenye sifa sawa, mmoja wao binti aliyeolewa juzi, nadhani mnajua waajiri wengi humchagua nani, ingawa hakuna atakayelikiri hadharani.

Mwalimu wa Uchumi:
Ndugu yangu wa Mwanza, ulichokieleza ni ubaguzi, na sheria inamlinda hata mwombaji kazi. Hata hivyo umegusa kiini cha jambo, kwa kuwa haki ikishagharamiwa na mwajiri mmoja mmoja, humfanya mwanamke aonekane ghali kabla hata hajaajiriwa. Kwa sababu hiyo Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 183 wa mwaka 2000 unataka mafao hayo yatoke kwenye bima ya jamii au fedha za umma. Rwanda ilianzisha mfuko wa namna hiyo mwaka 2016: mwajiri na mfanyakazi, awe mwanamume au mwanamke, kila mmoja akichangia asilimia 0.3 ya mshahara. Mwanamume akichangia sawasawa na mwanamke, kumkwepa mwanamke hakuna faida kubwa tena.

Dada, hilo la kwako limeonekana hata Denmark, ambako likizo na malezi ya watoto vimepangwa vizuri kuliko kwetu: mapato ya wanawake hushuka baada ya mtoto wa kwanza na kubaki chini kwa takribani asilimia 20 kwa muda mrefu, ilhali ya akina baba hayatikisiki. Kwa maoni yangu tunabishana mno kuhusu urefu wa likizo na kusahau swali la nani atabaki na mtoto likizo ikiisha. Mtaani Korogocho, Nairobi, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwapa baadhi ya akina mama ruzuku ya kituo cha kulelea watoto, na uwezekano wao wa kuwa na kazi ukazidi wa wenzao kwa pointi 8.5 za asilimia. Huku kwetu kazi hiyo tumemwachia dada wa nyumbani, ambaye naye huenda ni mama aliyemwacha mtoto wake kijijini kwa bibi, na hakuna anayempigia hesabu ya likizo.

Mhasibu wa Tabata:
Nawashukuru sana, barua nitaiandika. Swali dogo: nasikia sheria inaruhusu hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Ofisi iko Masaki na mtoto yuko Tabata. Kwa foleni ile saa mbili zinaishia barabarani. Naweza kuomba nizitumie mwisho wa siku?

Afisa Utumishi Mstaafu:
Omba. Sheria inazitaja kama saa za ndani ya muda wa kazi, lakini haimzuii mwajiri kukubaliana nawe utoke saa tisa badala ya saa kumi na moja. Makubaliano hayo yawe ya maandishi na yafike kwenye jalada lako, ili tathmini ijayo isije ikasema ulikuwa ukitoroka kazini.