Serikali ikiachia bei, iachie na watu? Tujadili

Wadau, kuna hoja inarudi rudi sana: nchi ikitoka kwenye uchumi wa kupangwa (serikali ndo inaamua bei na nini kizalishwe) na kuingia soko huria, serikali ikae pembeni kabisa, bei, ajira, matibabu, pensheni, vyote soko litavipanga. Mi nakubali nusu, hiyo nusu nyingine tutabishana mpaka asubuhi.

Nusu ninayokubali ni ya bei za bidhaa. Urusi mwaka 1991 bei zilikuwa nafuu na maduka matupu, sasa unafuu wa kitu ambacho hakipo unamsaidia nani? China miaka ya 80 waliweka bei mbili kwa bidhaa hiyohiyo, ya mpango na ya soko, viwanda vikapata muda wa kuzoea ila wenye vyeo nao wakawa wananunua kwa bei ya mpango wanauza kwa bei ya soko, ulanguzi wenye mhuri kabisa.

Ila kwenye maisha ya watu hapo nagoma. Urusi ilifungulia bei nyingi tarehe 2 Januari 1992, mwaka huo mfumuko ukapita asilimia 2,000, akiba ya mtu ya miaka yote ikawa haina maana tena. Na kiwanda kule hakikuwa cha mshahara tu jamani, ndo kilikuwa na chekechea, zahanati na nyumba za wafanyakazi, kwahiyo kikiyumba unayumba navyo vyote, na manispaa inayokabidhiwa hivyo vitu haina hela. Kufikia 1994 wastani wa umri wa kuishi wa wanaume ulikuwa chini ya miaka 58. Sisemi ni bei peke yake, pombe nayo ilichangia sana, ila usiniambie serikali haikuwa na la kufanya.

Mtasema basi wapeni watu hela taslimu waamue wenyewe. Urusi hiyohiyo ilijaribu Januari 2005, ikafuta usafiri wa bure wa wastaafu ikawapa malipo ya kila mwezi. Wazee wakapiga hesabu ya nauli wakaona hapa tumepigwa, wakatoka kwenye baridi ile wakafunga barabara, na mikoa ikaanza kuwarudishia tiketi za bei nafuu. Mchumi wa ofisini anaona ni thamani ileile tu, wakati mzee anajua kabisa basi la bure halipandi bei, ila hela inaliwa na mfumuko.

Poland nao walianza kwa mshtuko, yaani mageuzi kwa mkupuo badala ya polepole, Januari 1990, ila mafao ya wasio na kazi yalikuwepo tangu mwanzo na wengi wakastaafishwa mapema. Bajeti iliumia kwelikweli na mzigo wa pensheni, hilo sibishi. Mi naona bora wao.

Haya, wa serikali kukaa pembeni njooni, ila mje na nchi, sio nadharia.