Wikendi ya kuwinda sungura na washkaji: tutege waya au tutembee na bunduki?

Kichuguu
Wakuu habari za muda huu. Tuko washkaji wanne tumepanga wikendi moja twende shamba, shamba lenyewe ni la mjomba wa mmoja wetu na anasema sungura wanammalizia mboga kwa hiyo kwa upande wake hana neno, hata leo tuje. Shida ni sisi wenyewe hatuelewani. Mmoja ana bunduki ya upepo na shabaha anayo kweli, mwingine anataka mitego ya waya, anasema tunatega Ijumaa jioni tunaendelea na stori zetu halafu Jumapili tunapita kukusanya, basi. Mimi hapo kwenye Jumapili ndo roho inasita. Na waya zenyewe hatujui zinategwa wapi hasa, shamba ni kubwa huwezi ukategea kila kichaka. Tena hakuna kati yetu aliyewahi kuchuna sungura, tumezoea kuku tu, kwa hiyo kama nyama yake ina cha kuogopa semeni mapema. Watakaokuja kutukana wapite tu.

Babu Tanzi
Huyo wa Ijumaa mpaka Jumapili waya asiguse kabisa. Mtego uliotegwa jioni unakaguliwa alfajiri, na kama alfajiri hutaamka basi usitege, hakuna mjadala hapo. Sungura anatoka giza likianza kuingia na anatoka tena kunapokaribia kupambazuka, sasa anase usiku wa Ijumaa wewe uje Jumapili utakuta nini? Ama kateseka mpaka kafa, ama mbweha kashapita kabakiza manyoya, ama kaanza kunuka. Hata ukiwa huna huruma na mnyama, nyama yenyewe huipati.

Kuhusu pa kutega, wageni wote wanakimbilia mdomo wa shimo. Acha shimo. Pale anatoka kwa wasiwasi, ananusa, anasimama, anarudi ndani. Sogea mbele hatua kadhaa ufuate njia yake, utaiona kwenye majani, na uiname kabisa uitazame kwa karibu maana siyo mstari ulionyooka kama njia ya panya, ni vidoa vidoa, doa la majani yaliyolala, kisha majani yamesimama, kisha doa tena. Kila doa ndipo anapotua. Kitanzi unakiweka juu ya yale majani yaliyosimama, kati ya doa na doa, kwa sababu hapo yuko hewani anaruka na kichwa kimetangulia. Ukikiweka juu ya doa anakipiga kwa miguu na asubuhi unakuta waya umelala. Ukubwa wa kitanzi ngumi ya mtu mzima ipite, na kutoka ardhini mpaka chini ya kitanzi uache upana wa kiganja. Waya mpya unang'aa, uacheni nje unyeshewe siku kadhaa kwanza. Kigingi kipigwe kweli kweli, sungura aliyekimbia na waya shingoni ni dhambi yako.

Na msitege kwenye matundu ya uzio, ndo anapopita paka na mbwa, halafu mnyama akinasa pale anajizungusha kwenye seng'enge inakuwa balaa. Mbwa wa mjomba afungwe usiku wote.

Mpita Porini
Babu Tanzi nakuheshimu ila mimi waya sizikubali hata zikikaguliwa kila saa. Waya haujui nani anapita. Kuna nchi zimeshachoka nazo, Wales walizipiga marufuku 2023, Scotland wakafuata 2024, na Kenya uwindaji wenyewe umefungwa tangu 1977. Kwa hiyo mleta uzi kabla ya yote ulizia sheria ya hapo mnapokwenda, mjomba kutokuwa na neno siyo sawa na serikali kutokuwa na neno. Hata hiyo bunduki ya upepo kuna mahali inataka leseni.

Sheria ikiruhusu mwacheni huyo mwenye shabaha afanye kazi. Anapiga mmoja, wengine watatu wako nyuma yake, siyo pembeni na siyo eti mmoja kazunguka upande wa pili awafukuze. Umbali usizidi mita 30 na alenge kichwa, kati ya jicho na sikio, akiona hana uhakika aache. Sungura aliyesimama juu ya mwinuko na nyuma yake ni mbingu tupu hapigwi, hujui kilicho upande wa pili. Na siku mkiazima bunduki ya baruti ya .22, ile ya risasi ndogo, kumbukeni risasi yake inapita kilomita moja, siyo ya kuchezea kabisa karibu na nyumba.

Macho yake yako pembeni ya kichwa, anaona karibu pande zote, kwa hiyo kunyata nyuma yake usitegemee. Upepo ukupige wewe usoni, akiinua kichwa ganda hapo hapo hata kama mguu uko juu, akirudi kwenye majani sogea. Akikurupuka piga mluzi mmoja mkali, mara nyingi anasimama kidogo kusikiliza, na hapo ndo nafasi yako. Pombe baada ya bunduki kufungiwa, siyo kabla.

Daktari wa Zizi
Naongezea kwenye nyama maana naona kila mtu kaikwepa. Chukueni glavu. Kuna ugonjwa unaitwa tularemia, wengine wanauita homa ya sungura, bakteria wake wanakuingia kupitia mchubuko mdogo tu mkononi wakati unachuna, na kupe pia wanausambaza. Anayelegea, anayekuacha umsogelee bila kukimbia, mwacheni. Ukimpasua ukakuta ini lina vidoa vidoa vyeupe usijadiliane na mtu, mzike shimo refu mbwa wasimfukue. Aliyevimba macho yanatoa usaha huyo ana ugonjwa wa sungura unaoitwa miksomatosi, haukuambukizi wewe lakini haliwi.

Aliyenasa bado hai maliza haraka, pigo moja zito nyuma ya masikio. Kisha kabla ya kisu mshike kichwa kiwe juu, pitisha dole gumba tumboni kushuka chini ukikandamiza, mkojo wote utoke, la sivyo kibofu kitapasukia kwenye nyama. Mchune angali na joto, ngozi inavuka kama soksi, akipoa utang'ang'ana. Utumbo utoke mapema hasa kukiwa na joto, na nyongo iliyoshika kwenye ini iondoeni taratibu isipasuke. Pikeni mpaka iive kabisa, sungura wa porini haliwi nusu mbichi.

Ila kuna swali halijaulizwa. Hao sungura wa mjomba wana mashimo? Maana kuna wale wanaochimba na kuna wale wenye masikio marefu ncha nyeusi wanaolala juu ya ardhi kwenye kijibonde cha majani tu. Hawa wa pili ukizunguka unatafuta mashimo unapoteza wikendi nzima. Na ukikuta jike chuchu zimejaa ujue kuna watoto mahali, wa wale wachimbaji wanazaliwa vipofu hawana hata manyoya, bila mama hawaponi.

Kichuguu
Aiseee shukrani sana wakuu. Nimempigia mjomba anasema mashimo yapo mengi kwenye kingo za mtaro, na anasema saa hizi majike mengi yana watoto kwa hiyo naona tuahirishe kwanza. Tutakapoenda ni bunduki, waya tumeziacha, yule mshkaji kanuna ila atakuwa sawa. Mjomba ndo hataki kusubiri, anauliza mboga zake tunazifanyaje.

Babu Tanzi
Mwambie azungushie wavu wa matundu madogo, sungura mdogo asipenye, na chini aukunje kuelekea nje aufukie, maana akifika anaanza kuchimba palepale mguuni pa uzio. Mtaro mwende mchana mkahesabu matundu yenye udongo mbichi mdomoni, hayo ndo yana wenyewe. Yenye utando wa buibui msihangaike nayo.

Mpita Porini
Na jioni ya kwanza msibebe bunduki, kaeni tu muangalie wanatokea wapi.