Tupeane uzoefu: ibada yako kambini ilikuwaje?

Mleta mada:
Wakuu, mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, ni Msabato damu, na jina limetoka JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, yale mafunzo ya lazima ya wahitimu. Mama halali, kila saa anauliza Jumamosi itakuwaje. Ibara ya 19 ya Katiba naijua, inasema ibada ni hiari ya mtu binafsi. Ninachotaka kujua ni ikifika hangani, yaani bweni la kambini, saa kumi alfajiri inasomekaje. Mliopita huko, semeni. Kambi msitaje.

Kuruta wa 2015:
Mwaka wetu Ramadhani ilianza katikati ya Juni, hata kugeuka nyuma hatujui vizuri. Wanaofunga tukaandikwa, daku ikawa inatoka jikoni, ugali na maharage ya jioni. Kwa hilo sina lawama. Ila mchakamchaka uleule, kwata ileile, jua lilelile. Siku ya tatu nikadondoka. Afande, tena Mkristo, akanivuta kivulini: "Mgonjwa Mungu wako kashamruhusu. Kunywa maji." Nililipa deni nikiwa nyumbani.

Sina Upande:
Mimi ni wa 2013, mujibu uliporudi baada ya kusimamishwa 1994. Dini sina. Jumapili wenzangu wanaenda kusali, tuliobaki tunapewa fatiki, kazi ya kusafisha vyoo. Wiki ya pili nilikuwa kwaya, naimba besi. (Mpaka leo naikumbuka ile besi.)

Mbongo Texas:
Huku jeshi la Marekani, kwenye kiapo maneno ya kumwomba Mungu akusaidie ni hiari, asiyetaka anayaruka. Kibati cha shingoni unachagua kiandikwe dini gani, au kwamba huna.

Sabato Njema:
Mleta mada, jibu lako ni mimi. Jumamosi ya kwanza nilipangiwa shamba. Nikaongea na wenzangu wa hanga: Jumapili nawashikia jembe, Jumamosi wananishikia. Afande wa zamu alijua, akajifanya haoni. Mdogo wako aanze kuongea mapema, asisubiri Ijumaa jioni. Miezi miwili ikaenda hivyo, mpaka zamu yetu ya kulenga shabaha ikaangukia Jumamosi. Pale hakuna wa kukushikia, jina lako linaitwa na risasi umehesabiwa.

Nililala chini nikapiga. Nilipata alama nzuri tu. Mama yangu nimemwambia habari ya shamba, ya shabaha bado.