Naomba ushauri: kufundisha watoto mabadiliko ya tabianchi kwa visukuku, nimekwama

mwalimu_wa_kusini: Wakuu habari za jioni. Nafundisha sayansi shule ya msingi huku Ruvuma upande wa bonde la Ruhuhu. Nikiwaambia watoto habari ya tabianchi wananiangalia tu, maana mvua kuchelewa kwao ndo maisha, sasa nataka wajue hapa hapa wanapokanyaga paliwahi kuwa na hali ya hewa nyingine kabisa. Nina vipande vya mawe vyenye alama za majani marefu, yale yanayotoka na makaa ya mawe. Nianzie wapi ili waelewe, siyo wakariri? Na mawe kama haya yakikaa shuleni kuna shida? Naombeni haraka, nina wiki hii tu.

Kokoto: Hayo yatakuwa Glossopteris mwalimu, mmea wa kale uliokwisha kabisa duniani, una hazina. Yana zaidi ya miaka milioni 252, na yanapatikana pia India, Australia, mpaka Antaktika. Kapteni Scott, mpelelezi wa Kiingereza, na wenzake walikufa wakirudi kutoka Ncha ya Kusini mwaka 1912, kwenye mizigo yao kukakutwa kilo kama 16 za mawe, mengine yana majani hayohayo. Enzi hizo mabara ya kusini yalikuwa yameshikana na sisi tulikuwa kusini zaidi, kuna baridi na vinamasi, majani yanapukutika kwa msimu yanazama kwenye maji, ndo makaa ya Ngaka hayo. Waanze na kipande cha makaa mkononi, uwaulize msitu huu ulikuwa wapi.

dereva_mstaafu: Mimi nimebeba makaa ya huko miaka, barabara ile wakati wa masika usiombe. Kuna siku nililala njiani na tandiboi tukala mihogo mibichi, watoto wa siku hizi wangelia.

Mama J: Mwalimu wafundishe kupanda miti kwanza, mambo ya mamilioni ya miaka wazazi tutakuja kukuuliza.

mchele_safi: Rahisi sana, waokote majani. Yenye kingo laini ni ya joto, yenye meno meno ni ya baridi.

Kokoto: @mchele_safi hiyo ni kwa mimea ya maua tu na inataka aina nyingi kwa pamoja, Glossopteris haimo. Ingefaa kule Mahenge, Singida, kuna majani ya miaka milioni 46.

Shangazi wa Mbinga: Mbona hamjauliza, kwa nini wiki hii tu? Mwalimu mwanangu, kuna nini?

mwalimu_wa_kusini: Shikamoo shangazi. Kuna jiwe lingine. Watoto waliliona korongoni baada ya mvua, tukalitoa, lina fuvu. Ijumaa anapita mgeni anayekusanya mawe, nimeshaongea naye, atatupa hela ya madawati. Kabla ya kunihukumu, njooni muone watoto wangu wanavyokaa chini, na lile fuvu lingebaki pale ng'ombe wangelikanyaga likaisha.

Shangazi wa Mbinga: Marahaba. Yaani unauza.

mwalimu_wa_kusini: Siyo kuuza, ni mchango kwa shule.

Jicho Kali: Hii chai wakuu. Mgeni, fuvu, Ijumaa, madawati, na picha hakuna. Mtu anatunga hapa.

dereva_mstaafu: Hata mimi nilishtuka, eti haraka haraka.

mwalimu_wa_kusini: Sitaki kuweka picha mtu akatambua eneo. Lina mdomo wa kobe, na meno mawili tu marefu yameshuka chini, jiwe lake lina rangi tofauti kabisa na yale ya majani.

Kokoto: Jicho Kali tulia, hajatunga. Ni disinodonti, mnyama wa kale mla majani, Ruhuhu wanatolewa tangu miaka ya 1930. Mwalimu nisikilize, somo lako lote liko kwenye tabaka alipolala huyo mnyama. Makaa chini, mifupa juu, rangi ya mwamba inabadilika, hapo watoto wanaona kwa macho nchi ilivyogeuka. Sehemu ya mabadiliko hayo ni bara kusogea, usiwafiche, lakini miaka milioni 252 iliyopita volkano za Siberia zilitoa gesi, joto likapanda, zaidi ya asilimia 80 ya aina za viumbe wa baharini zikaisha na Glossopteris nayo. Fuvu lisilojulikana lilitoka tabaka gani halifundishi hayo. Na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hairuhusu kuchimba wala kuuza bila kibali. Mifupa ya dinosari ya Tendaguru, kule Lindi, ilibebwa na Wajerumani 1909 hadi 1913, mpaka leo mtoto wa Lindi akitaka kumuona yule dinosari mkubwa aende Berlin.

mwalimu_wa_kusini: Na madawati atanipa nani? Korongo nalikumbuka vizuri, kesho nawapeleka wakachore tabaka moja moja na waweke alama pale tulipolitoa. Mgeni nimemwandikia asogeze mpaka wiki ijayo.

Shangazi wa Mbinga: Asogeze nini tena? Mwambie hapana, halafu weka hapa orodha ya madawati tuchangie.

dereva_mstaafu: Mimi nipo, la kwanza langu.