Anemoni wa kwanza: Entacmaea, magnifica au haddoni? Naomba ulinganisho

pwezi_mpole

Wakuu, habari zenu. Tangi langu ni la lita 250 na linakaribia mwaka. Joto digrii 25 hadi 26, chumvi 1.026 kwenye rifraktomita (kifaa cha kupimia chumvi), amonia na naitraiti (sumu zitokanazo na uchafu wa samaki) sifuri, naitreti haivuki 10. Wakazi ni jozi ya samaki klauni (Amphiprion ocellaris), kamba msafishaji mmoja na matumbawe laini machache. Sasa nataka kuwapatia klauni makao, yaani anemoni, yule mnyama laini wa baharini anayeshika mwamba au mchanga kwa mguu na kunasa chakula kwa minyiri inayochoma. Nimebaki na watatu: Entacmaea quadricolor mwenye minyiri iliyotuna nchani, Heteractis magnifica, na Stichodactyla haddoni, yule anayejitandaza mchangani. Roho yangu iko kwa magnifica, kwa kuwa huko baharini ocellaris huishi naye. Waliowafuga naomba mnilinganishie: nani mvumilivu, nani hutulia mahali pamoja, na nani hatanimalizia samaki.

fundi_mwamba

Mkuu, maji yako yako vizuri, na umri wa tangi ndio ulionifurahisha zaidi. Anemoni wengi hufa kwenye tangi la mwezi mmoja au miwili, wakati amonia na naitraiti bado zinapanda na kushuka. Ningekuuliza pia alkalini, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, ambao hupimwa kwa dKH. Ikae kati ya dKH 8 na 11, na la muhimu zaidi isirukeruke.

Sasa ulinganisho. Usianze na rangi wala na klauni, anza na mguu. Entacmaea anataka ufa kwenye mwamba aingize mguu wote, kisha atoe minyiri tu kwenye mwanga. Ukimpa ufa wa kina, mara nyingi hatembei tena. Magnifica anataka kilele cha mwamba, mahali pa wazi, penye mwanga mkali na mkondo wa nguvu. Asipoupata mkondo huo ataanza kuzunguka tangi zima kuutafuta, na kila anapopita anachoma matumbawe. Haddoni hataki mwamba kabisa. Huyo anataka mchanga wenye kina cha sentimita 10 na zaidi, ajizike shina lote na kuacha sahani yake (sehemu ya juu yenye mdomo na minyiri) juu.

Kwa lita 250 na kwa anayeanza, nasema Entacmaea bila kusita. Kwenye matangi hufikia kama sentimita 30, ilhali magnifica baharini anaweza kukaribia mita nzima. Tena Entacmaea hujigawa mwenyewe kuwa wawili, kwa hiyo wako wengi waliozaliwa ndani ya matangi na waliokwisha zoea taa za LED na chakula cha kugandishwa. Magnifica karibu wote wametolewa baharini, na safari huwaumiza vibaya.

bi_mwani

Nakubaliana na fundi, ila haddoni asionewe. Akishapata mchanga anaoutaka hutulia kuliko wote watatu, na si mnyonge hata kidogo. Shida yake ni tumbo. Minyiri yake ni mifupi na inanata sana. Ukimgusa kwa kidole unahisi ngozi inavutwa. Samaki anayelala mchangani au anayekurupuka gizani akimwangukia, hatoki. Baharini hupita nusu mita kwa upana, sasa fikiria upana huo kwenye sakafu ya lita 250. Hapo klauni watabaki wenyewe na yeye.

Halafu ndugu yangu, kumbuka unamkaribisha mnyama wa kuishi nawe muda mrefu. Mwaka 1828 mtaalamu wa viumbe Sir John Dalyell aliokota anemoni wa aina ya Actinia equina kwenye pwani ya Uskoti. Akawekwa kwenye gudulia la kioo lenye maji ya bahari, akapewa jina la Granny, akamzika Dalyell mwenyewe na kuendelea kuishi mikononi mwa wengine huko Edinburgh hadi 1887. Hiyo ni aina nyingine, ya maji baridi, lakini aliishi kwa sababu walikuwa wakimbadilishia maji na kumlisha kidogo kidogo miaka yote hiyo.

mkondo_wa_kusi

Mimi ni wa magnifica, na nitamtetea. Ukiona ocellaris wawili wamezama ndani ya minyiri yake, wanatoka vichwa tu, huwezi kusahau. Lakini tangi langu lilijengwa kwa ajili yake: nguzo moja ya mwamba katikati, imetengana na vioo pande zote, pampu mbili zinazopishana, taa inayopiga juu ya nguzo hiyo. Hakuna matumbawe karibu. Hivyo ndivyo anavyotulia.

Kwako wewe pwezi_mpole, mwenye matumbawe tayari ndani, sikushauri. Na hoja yako kwamba ocellaris ni wake wa asili ni ya kweli, ila klauni waliozaliwa kwenye tangi mara nyingi hawajawahi kuona anemoni. Wengine huingia kwa Entacmaea siku ileile, wengine humpita miezi mingi wakalala pembeni ya pampu. Hata magnifica hakupi uhakika. Usinunue anemoni kwa ajili ya klauni. Mnunue kwa kuwa unamtaka yeye.

pwezi_mpole

Asanteni sana, mmenifungua macho. Basi magnifica namweka kando. Nikienda kumchagua Entacmaea, niangalie nini hasa? Na je, yupo mwingine ambaye sijamfikiria?

kambakochi

Angalia mdomo kwanza, uko katikati ya sahani. Ukiwa umefungwa vizuri ni dalili njema. Ukiwa wazi umelegea, matumbo yanaonekana, mwache hata kama rangi yake inakuvutia. Pili, mwombe muuzaji amguse kwa kijiti: minyiri inate na kujikunja. Tatu, mguu. Uwe umeshika kitu, na asiwe amebanduliwa kwa nguvu, maana mguu uliochanika huoza kutokea chini. Kama yuko kwenye kijiwe, chukua na kijiwe chake.

Na weupe! Watu wanapenda anemoni mweupe au wa njano kali. Mweupe mara nyingi amepoteza mwani mdogo sana unaoishi ndani ya mwili wake, na mwani huo ndio unaomtengenezea chakula kwa mwanga. Mnyama huyo ana njaa. Njano au zambarau isiyo ya kawaida, iliyosambaa sawasawa mwili mzima hadi mdomoni, huenda ni rangi aliyotiwa, na chini yake ni weupe uleule. Anaweza kupona akilishwa vizuri, lakini si kazi ya mtu anayeanza.

Jingine: kama tangi hilo liliwahi kutiwa dawa ya shaba kwa ajili ya samaki, usimweke. Shaba hunaswa kwenye mawe na mchanga, hutoka polepole, na anemoni haivumilii hata kidogo.

mama_tumbawe

Kuhusu mwingine, mfikirie Phymanthus crucifer wa Karibi. Ni mdogo, wa sentimita kama 10 hadi 15, hukaa alipowekwa, huna haja ya kuhofia matumbawe yako. Huzaa watoto kwa mdomo, unaamka unakuta vidude vidogo mchangani. Kwa kawaida klauni hawamjali, kwa hiyo kama lengo ni makao, huyu siye. Lakini kama unataka kujifunza kutunza anemoni bila presha, kwangu mimi anamzidi hata Entacmaea.

fundi_mwamba

Mama_tumbawe kasema kweli, ila jamaa ana klauni na anataka waingie ndani. Abaki na Entacmaea.

Mkuu, siku ya kumweka: mzoeshe kwa kumdondoshea maji ya tangi lako tone kwa tone kwa saa moja hivi, zima pampu za mkondo, mshike kwenye mlango wa ufa uliomwandalia hadi mguu ushike, kisha washa pampu kwa nguvu ndogo. Taa ishushe, uipandishe taratibu kwa wiki mbili tatu. Akihama usimrudishe. Anajua anachotafuta kuliko wewe.

pwezi_mpole

Pampu ndizo zinazonitia hofu. Na chakula je, mara ngapi?

kambakochi

Hofu yako ni ya haki. Anemoni hutembea sana usiku, na akifika kwenye mdomo wa pampu hukatwakatwa, tangi zima likachafuka kabla hujaamka. Funga sifongo au wavu mgumu kwenye kila tundu linalonyonya maji kabla hajaingia. Sifongo huziba, uioshe kila wiki.

Chakula: kipande cha kamba kidogo kuliko mdomo wake, mara moja kwa wiki. Kikizidi ukubwa atakitapika kesho yake kikiwa kimeoza. Utaona minyiri inafunika kipande, sahani inajikunja kuelekea katikati, mdomo unafunguka polepole unakimeza. Sasa huyo kamba msafishaji wako atakuja mbio kukichomoa, wakati mwingine hata baada ya kumezwa. Kata kitako cha chupa ya plastiki, mfunike nayo anemoni hadi amalize.

bi_mwani

Na usiogope akisinyaa. Hujikamua maji na uchafu wa kahawia, akabaki kidonge kidogo kwa saa kadhaa, kisha akajaa tena. Minyiri ikirefuka na ncha zikaacha kutuna, huo pia si ugonjwa. Ogopa mdomo unaokaa wazi siku hadi siku, nyama inayobanduka vipande, na harufu. Ukisikia harufu ya kuoza mtoe saa hiyohiyo, weka kaboni (mkaa wa kusafishia maji) kwenye kichujio na ubadilishe maji mengi, maana mzoga wake huachia amonia ya kutosha kuua klauni wote wawili.

pwezi_mpole

Nimeelewa. Wikiendi hii nafunga sifongo kwenye pampu zote tatu, na matumbawe nayasogeza mbali na ule ufa wa upande wa kushoto. Nikimpata mwenye kijiwe chake nitaleta picha ya mdomo na mguu mnikagulie kabla sijamlipia.