Mama mkwe anakuja Edmonton mwezi wa saba, nimtembeze wapi na watoto zaidi ya mol?

Bint_Pangani
Habarini za humu wapendwa, nisaidieni mwenzenu nimekwama. Mama mkwe anakuja toka Tanga mwezi wa saba, atakaa wiki sita, ndo mara yake ya kwanza kupanda ndege, na mimi hapa Edmonton, Kanada, nina mwaka na nusu tu na huo mwaka wenyewe karibu wote nilikuwa nimejifungia ndani kwa baridi. Watoto watatu, wa kwanza ana 13 (huyu kila kitu kinamboa), wa kati 8, wa mwisho 4. Mimi ninapopajua ni West Edmonton Mall basi, na kweli pamejaa vitu, bembea sijui bwawa la mawimbi, ila ukiingia na watoto unatoka huna hela na kichwa kinagonga. Halafu mama mkwe si mtu wa maduka, alikuwa mwalimu, yeye mpe vitu vya zamani na hadithi. Magoti yake mabovu kidogo. Kuna mtu kaniambia Fort Edmonton Park, ni ngome ya kutembelea kama Fort Jesus au?

mzee_wa_baridi
Wa alaikum binti, karibu kwenye friji 😂 Fort Jesus hapana, hapo hamna mawe, ni magogo matupu. Iko bondeni kando ya mto, ni kama mji mzima wa zamani na ndani kuna watu wamevaa nguo za enzi hizo wanafanya kazi za enzi hizo, mmoja anafua chuma, mwingine anapika mkate, unawauliza wanakujibu. Kuna boma la 1846 la Hudson's Bay Company, wale waliokuwa wananunua ngozi za biva (mnyama wa mtoni mwenye manyoya mazito) ili Ulaya watengeneze kofia, halafu mtaa wa 1885, wa 1905 na wa miaka ya 1920. Siri yake ni hii, msianze kutembea getini. Pandeni treni ya mvuke iwapeleke mpaka bomani kwenye mwaka wa zamani kabisa kisha mnarudi kwa miguu mdogo mdogo mkielekea miaka ya karibu, na tramu ipo magoti yakigoma. Mwisho mnatokea kwenye bembea na farasi wa kuzunguka, hapo huyo wa miaka minne ndo atakumbuka kwamba katembea.

Na mtaa wa 1905 mtaona watu walikuwa wanaishi kwenye mahema, mji ulikua haraka nyumba hazitoshi, hema na baridi hii hii. Mwambie huyo wa 13 aendelee kulalamika heater ya chumbani kwake.

Nyota_wa_Likoni
Mzee umesahau kitu kikubwa kuliko vyote!! Dadangu, ndani ya hiyo park kuna msikiti. Na si mfano, ni wenyewe, Al Rashid, msikiti wa kwanza kujengwa Kanada nzima, 1938. Mimi nilipelekwa na wageni wangu kutoka Mombasa nikasimama nje nikasema hili kanisa jamani, maana lina minara miwili yenye vikuba kama kanisa la Kiorthodoksi. Kumbe fundi alikuwa Mike Drewoth, mtu wa asili ya Ukraini, msikiti hajawahi kuuona machoni, kajenga anachokijua. Na waliohangaika zaidi ni wanawake, kulikuwa na mama mmoja Hilwie Hamdon, asili yake Lebanon, yeye na wenzake walimfuata meya kuomba kiwanja, meya akawaambia kiwanja kipo nyinyi leteni pesa za kujengea. Wakapita duka kwa duka Jasper Avenue wakichangisha, Muislamu, Mkristo, Myahudi, wote wametoa, na hapo ni wakati wa ule mdororo wa uchumi watu hawana kitu. Baadaye waumini wakawa wengi wakahamia msikiti mpya 1982, huu wa zamani ukawa unataka kubomolewa, na ni wanawake tena wakaupigania mpaka ukahamishiwa park. Mwalimu mstaafu wa Tanga hapo humtoi kabla ya jioni.

Ila mtayarishe kisaikolojia kuhusu Maghrib, mwezi wa saba jua linazama kama saa nne usiku 😅

PapaGoma
Jambo mama. Miye na batoto bangu tunaendaka Ukrainian Village, iko inje ya muji, barabara 16 upande wa mashariki. Kama ule fundi alikuwa Mukraini basi mupeleke mama akaone makanisa yao kule, ataelewa ule musikiti ulitoka wapi. Batu ba kule banaishi kama ni zamani kweli, kijana wangu alionesha mama moja simu, akajifanya hajui ni kitu gani, anauliza kama ni kioo. Kijana alicheka siku mbili. Na Elk Island, ile hifadhi ya banyama, iko karibu na pale, munaona nyati ba huku, wakubwa sana, batoto habalipi mulangoni. Musishuke mu gari karibu nabo, tafazali.

mama_wawili_T6
Mimi nitakuwa mkweli, Fort Edmonton siku moja na watoto watatu na kigari cha mtoto ni kazi, nilitoka nimechoka kama nimelima. Nendeni asubuhi, bebeni chakula chenu na dawa ya mbu (mbu wapo wa kutosha, malaria tu ndo hawana). Siku za kawaida msimalize hela, nendeni viwanja vya Legislature, bunge la jimbo, watoto wakimbie bure, au mpande ile lifti ya mlimani ya mjini kati, bure pia. Na tramu ya zamani ya kuvuka High Level Bridge, daraja la 1913, liko juu balaa, tramu moja imetoka Osaka nyingine Melbourne.

Pale park msiruke jengo la watu wa asili, lilifunguliwa 2021, Mataifa ya Mkataba wa 6 (wenyeji wa eneo hili) na Wametis (wenye asili ya wenyeji na wazungu) wameshiriki kulitengeneza. Lina ubaridi ndani na viti, magoti yapumzike. Bila hilo mtatoka mnajua habari za wazungu wa kampuni tu, na hizo ngozi za biva sio wao waliokuwa wanazitega.

Nyota_wa_Likoni
Kweli kabisa. Na waulizeni habari za pemmican, nyama ya nyati iliyokaushwa ikatwangwa na mafuta na matunda pori. Nilimwambia mamangu hii ni nyirinyiri tu imepata paspoti.

mzee_wa_baridi
Huyo wa 13 msomesheni kwanza habari za Amber Valley, weusi waliotoka Oklahoma, Marekani, 1910 wakaenda kulima huko kaskazini karibu na Athabasca. Wakati huo huo wafanyabiashara wa hapa hapa Edmonton walikuwa wanasaini barua serikali iwazuie. Wangu nilipomsimulia aliacha simu dakika ishirini, rekodi.

Bint_Pangani
Asanteni sana jamani, shikamoo mzee. Nimeshamtumia mama mkwe voisi ndefu ya msikiti. Kanijibu saa kumi alfajiri, hataki habari ya treni wala nyati, anauliza hao wanawake walichangishaje mpaka jengo likaisha, maana dari la msikiti wa mtaani kwao huu mwaka wa tatu halijaisha na mweka hazina ni yeye.