Kutrikote na kupika gato kwa kupenda tu, si kwa kuuzisha: nani mwingine anafanya?

Mama_Muhungu (Bukavu)

Jambo bamama, jambo bayaya. Niko na maulizo tatu, munivumilie juu itakuwa ndefu.

Mwaka jana koko yangu alinipatia kopo ya zamani ya biskwi. Ndani mulikuwa sindano mbili za kutrikote namba 4, kroshe moja ya chuma yenye kutu kidogo ku mwisho, na triko ya mtoto yenye hakumalizaka, imesimama ku mkono wa kushoto, uzi bado inaning'inia. Alinionyesha mwenyewe namna ya kuanza, vidole vyake vinatetemeka lakini sindano haikosee hata moja. Tangu pale, kila usiku batoto wakishalala, kuran ikikatika nawasha katochi, nakaa karibu na dirisha, nasikia mvua ku mabati na natrikote. Sina haraka. Nikifika mustari ya kumi hivi mabega yangu inashuka, ile maneno ya kazi yenye ilikuwa inanizunguka tangu asubui inakuwa mbali. Na siku ya posho napika gato ku mbabula, batoto wanashinda wanazunguka sufuria.

Ulizo ya kwanza njo hii. Kila mtu akiona kazi yangu anauliza bei. Jirani, shemeji, hata mama wa kuuzisha makala. Nikisema siuzishe wanashangaa, eti sasa unapoteza muda ya nini? Nilijaribu mwezi moja, nikachukua komande ya kofia 11, kufika ya sita sikutaka hata kuona uzi. Nilimaliza juu nilikuwa nimeshaahidi, kisha sindano zikakaa mu kopo miezi mbili. Ni vibaya mtu kufanya kazi ya mikono juu tu inamufurahisha, na huku kila mtu anatafuta franga ya unga? Nauliza kabisa, inaniumizaka.

Ya pili: nilitrikote kofia ya mtoto mchanga wa mdogo wangu, ikamufunika macho na pua. Karatasi ya kufuata ilisema maye 88 (vitanzi vya uzi ku sindano), nikaweka 88.

Ya tatu: gato yangu inapanda sana, inafika ku kifuniko, kisha inaanguka katikati kama shimo. Vipimo ni vya dada yangu wa Kinshasa na kwake inatokaka muzuri kila mara.

Fundi_Birere (Goma)

Mama jambo. Mi ni fundi wa masini, kushona njo kunalisha batoto wangu, basi nisikilize vizuri. Kuanzia siku ya kwanza mpaka posho nashona za wateja: uniforme, libaya, suruali ya kupunguza. Siku ya yenga nyuma ya misa nafunga mlango na nashona yangu. Nakusanyaka vipande vya vitenge vyenye vinabaki, nakata mraba za santimetre 12, naunganisha natoka na blanketi. Ile ya mwisho ilinikamata miezi saba. Iko ku kitanda cha mama yangu. Mtu alishakuja na pesa muzuri nikamwambia hii haina bei, na hakukasirika, alikaa chini akaangalia rangi.

Ya wateja inahesabiwa na saa, yangu haina saa, na mi nahitaji zote mbili. Kama ningeuzisha na ile ya yenga sijui ningepumuzikia wapi.

Kitu moja kama utaanza kuunganisha vitenge: fua vipande vyote mbele ya kukata. Blanketi yangu ya kwanza nilichanganya kitenge mupya na ya zamani bila kufua, siku ya kuifua mara ya kwanza ile mipya ikajikunja na blanketi yote ikawa mawimbi mawimbi. Na piga pasi kila mshono mbele ya kushona wenye kufuata, usiseme utapiga zote ku mwisho.

Mama_Wa_Nyawera (Bukavu)

Mi nitakuwa tofauti kidogo. Nauzisha benye na gato, miaka tisa sasa, na bado napenda. Asubui saa kumi nikiweka mkono mu farini nasikia amani kabisa. Kwa hiyo isionekane kama pesa inaharibu kila kitu. Lakini kofia 11 za namna moja, rangi moja, kwa tarehe, hapo hata mi ningechoka. Kama siku moja utataka kuuzisha, uzisha yenye umeshamaliza kwa raha yako, usichukue komande. Kama hautaki, basi usitake, na usijieleze kwa shemeji.

Uzi_wa_Kadutu (Bukavu)

Yaya, nakujibu ya kofia juu hapo njo pangu.

Karatasi yako haina kosa na wewe hauna kosa, ni uzi. Mwenye kuandika 88 alikuwa na uzi mwembamba na sindano ndogo, labda 2 na nusu ao 3, kwake santimetre 10 inabeba maye 28 hivi. We uko na sindano 4 na uzi munene. Fanya hivi: trikote kipande cha santimetre 12 kwa 12, kiweke bapa ku meza bila kukivuta, pima santimetre 10 katikati, si ku ukingo juu ukingo inadanganya, hesabu maye. Ukikuta 20, basi 88 yako ilikuwa kofia ya santimetre 44. Kichwa cha mtoto mwenye kuzaliwa leo ni 35 hivi, na kofia inafaa iwe ndogo kuliko kichwa juu triko inavutika, tuseme 33. Kila santimetre ni maye mbili, 33 mara mbili ni 66. Weka 66, anza na mistari nane ya maye moja juu moja chini ili ukingo ikamate, kisha endelea. Ile kubwa usiivunje, mtoto atakuwa na kichwa cha 44 kati ya miezi saba na kumi hivi, kofia inamungojea.

Uzi sasa. Mupya ya duka ni bei na rangi ni kidogo, mi nanunuaka triko za chaguwa ku soko ya Kadutu na nazifungua. Lakini si kila triko. Igeuze ndani nje, angalia mshono wa kando. Ukiona kando imekatwa na kuzungushiwa uzi ya surjete (masini yenye kukata na kufunga ukingo), iache, hata ikuwe ya rangi ya kupendeza namna gani, juu kila mustari imeshakatwa na utapata vipande vya urefu wa mkono tu. Ukiona kando ni nzima, pande mbili zimeunganishwa na kamnyororo, nunua. Ukipata pa kuanzia huo mnyororo, unavuta na mshono unafunguka wote, krrrr, hata batoto wanapendaka ile sauti. Kisha unaanza ku shingo, unashuka, unazungushia uzi ku mugongo ya kiti. Funga pande ine na kauzi ingine isichanganyike. Itakuwa imejikunjakunja kama nywele zenye zimetoka kufumuliwa, usiogope, ioshe na maji vuguvugu, itundike na chupa ya maji nusu ku chini ya kuivuta, kesho yake imenyooka. Triko moja ya mwanaume mukubwa inanitoleaka kofia tatu na soksi juu yake.

Kama unataka kujua ni lene ya kondoo ao akriliki, choma kauzi kadogo. Ikinuka nywele na kuwa majivu, ni kondoo, isione maji moto hata siku moja juu itashikana yote. Ikiyeyuka na kuacha kidonge kigumu ni akriliki, hiyo haina shida na kufua.

Yaya_wa_Kenya (Lubumbashi)

Nasalimia bote kutoka Lubumbashi, mu komine Kenya. Mama wa Muhungu, dada yako wa Kinshasa iko chini kabisa, kule sehemu kubwa haifike hata mita 400 juu ya bahari. We wa Bukavu uko 1.500. Hewa ya huko juu haikandamize gato sana, basi levire (unga ya kupandisha gato) inapandisha mbiombio, mapovu yanakuwa makubwa mbele farini ishikane, kisha yanapasuka na katikati inaanguka. Hata maji ya kwenu yanachemka yakifika digri 95 hivi, hayangoje 100. Hata mi hapa ku mita 1.200 na kitu ilinibidi kupunguza.

Kama dada anaweka vijiko vidogo tatu vya levire ya gato kwa gramu 250 za farini, we weka mbili na nusu, ikianguka tena shuka mpaka mbili. Toa vijiko vikubwa viwili vya sukari, ongeza viwili vya maziwa. Na mbabula: sufuria kubwa, muchanga mukavu vidole viwili chini, kopo tupu ya kusimamishia chombo cha gato, isiguse muchanga. Makala kidogo chini, mingi juu ya kifuniko. Bantu wengi banafanya kinyume, chini inaungua na juu inabaki uji. Usifunue mbele ya dakika 35, hata harufu ikuite namna gani.

Na juu ya ile ulizo yako ya kwanza. Kambo yangu alijifunza kushona na kutrikote ku foyé (nyumba ya mafundisho ya bamama) ya Union Minière, kampuni ya migodi, mji huu wetu ungali unaitwa Élisabethville. Walikuwa wanawafundisha bibi za bafanyakazi ili wachunge nyumba vizuri, ilikuwa kama lazima. Lakini yeye alichukua ile kazi akaifanya yake. Nilikuwa mtoto namuona jioni ku barza, amemaliza kila kitu cha nyumba, anatoa sindano anasema sasa hii saa ni yangu. Baba alikuwa anapita kimya. Watu hawamuulizake mwanaume mwenye kucheza dame mpaka usiku anauzisha ngapi.

Mama_Muhungu (Bukavu)

Aksanti sana bote, nimesoma mara tatu na moja nimemusomea mume wangu kwa sauti, ile ya dame.

Majibu: nilipima, ilikuwa maye 20 kabisa. Nimetrikote 66 na uzi ya kijani yenye nimefungua mu triko ya Kadutu, kofia imekaa sawa, inafika juu ya nyusi tu, mtoto alilala nayo. Gato ya posho niliweka levire mbili na nusu, ilishuka kidogo katikati lakini si shimo, wiki hii nashuka mbili.

Na ile triko ya koko, nimeanza kuendelea na mkono wa kushoto. Uzi yake ilikuwa rozi imefifia, nimetafuta soko mbili sijapata ya kufanana, basi natia nyeupe kuanzia pale alipoachia. Fundi, ile blanketi unatumia uzi gani ya masini, ya pamba ao?